Tulipoifundisha Mashine Kuchora Njia za Umeme

Mchoro wangu wa kwanza wa kompyuta ulikuwa tundu. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa tundu hasa, katikati ya karatasi nyeupe yenye upana wa kitanda, na kingo zake zimelowa wino mweusi.

Vijana wangu, ninyi mnaokuja kwangu hapa mtaa wa Bel-Air na kompyuta zenu za kubeba begani, nimewaona mkibonyeza mara moja tu, na mtandao wenye maelfu ya nukta unaanza kujipanga wenyewe kwenye kioo. Unajinyonganyonga kama tambi katika maji ya moto, kisha unatulia. Ninyi mnapiga miayo. Mimi moyo unanienda mbio. Ndiyo maana mjukuu wangu aliponiambia niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi hiyo zamani, nchi ikiitwa Zaire na mkoa wetu ukiitwa Shaba, sikungoja aniombe mara ya pili.

Nilikuwa nafanya kazi katika jumba la kompyuta la kampuni ya shaba. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, si zaidi, lakini hesabu zilinipenda. Kwa kawaida tulihesabu mishahara na magunia ya unga ya wafanyakazi. Kisha siku moja ikaletwa meza inayochora: meza pana, juu yake mkono wa chuma ulioshika kalamu, na mkono ule ulikwenda popote kompyuta ilipouamuru. Wenzangu waliitumia kuchora vistari vya kupanda na kushuka kwa kazi ya mwezi. Mimi nilitaka ichore mtandao mzima wa umeme wa viwanda vyetu, na mahali pa kila kitu ipachague yenyewe, bila mtu kuiambia.

Siku ya kwanza niliwaita watu waje kutazama. Hilo lilikuwa kosa langu la kawaida, kuita watu mapema. Kalamu ikashuka katikati ya karatasi, ikanyanyuka, ikasogea unywele mmoja, ikashuka tena. Ikarudia hivyo mpaka karatasi ikalainika, ikachanika, na kalamu ikaanza kuandika kwenye meza yenyewe.

Aliyekuwa mbele ya wote ni Baba Ramazani, mkubwa wa wachoraji, ambaye biro yake, yaani ofisi, ilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Akainama juu ya tundu, akaliangalia sana.

"Iko muzuri," akasema. "Umeme yote ya Shaba imeingia mu katundu kamoya. Bafundi habatatembea tena. Kila mutu atasimama hapa na atangoja kazi imufikie."

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mimi pia nilicheka, baadaye kidogo.

Sababu ya tundu ni rahisi, na mkiielewa mmeelewa nusu ya fani hii. Njia yangu ilikuwa hivi: kila nukta, yaani kila mashine au swichi, ikae katikati ya zile zilizounganishwa nayo. Kompyuta inasogeza moja, inasogeza ya pili, inazunguka zote, inaanza upya, mpaka hakuna inayotaka kusogea tena. Fikirini kwenye kilio, watu wote wanavuta viti ili kila mmoja akae katikati ya ndugu zake. Kama hakuna hata mmoja aliyekataa kuondoka alipo, watasogeleana na kusogeleana mpaka wote wakaliane mapajani. Nukta zangu zilikaliana mapajani. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Mchoro ndio haukuwepo.

Sasa niwaambie Baba Ramazani alikuwa nani. Babu yake alitoka Maniema na cherehani, akawashonea watu wa mjini makoti. Yeye mwenyewe alivaa abakosi, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikakata, na adhuhuri alitoa kofia nyeupe kwenye droo akaenda kuswali nyuma ya makabati ya karatasi. Alikuwa na maringo. Aliamini hakuna mtu kati ya hapa na Kolwezi anayeandika tarakimu nzuri kama zake, na alikuwa akiwauliza wageni kama wamewahi kuona. Kazi yake kubwa ilikuwa ile karatasi tuliyoiita Mama: mchoro wa njia zote za umeme, kutoka kituo kikubwa mpaka vinu vya kusagia mawe, pampu, tanuru na karakana. Aliuchora kwa wino juu ya karatasi ya kalki, ile inayopitisha mwanga, na mahali pa kufuta alikwangua kwa wembe, taratibu, akizuia pumzi. Mama ilining'inia katika chumba cha mafundi wa umeme. Kabla ya kugusa mashine yoyote, fundi alisimama mbele yake, akaangalia ni swichi gani ikatwe.

Tulizoeana kwa sababu ya utani. Kila asubuhi, baada ya bendera kupandishwa na nyimbo za chama kuimbwa, alinipitia mlangoni.

"Mwepu, mashine yako imeamuka?"

"Imeamka, Baba."

"Imekunywa chai?"

Lakini nikaanza kuona jambo. Alikuwa akiniita nimsomee namba za nyaya kwenye orodha za karakana, akisema ananipima kama shule ilinifaa. Alikuwa akigusa ukingo wa meza kwanza kabla ya kuweka kichupa cha wino. Siku moja alikiweka pembeni mwa ukingo, kikaanguka, wino ukamwagika kwenye viatu vyangu, na yeye hakutazama chini. Alitazama mlango, kuona kama kuna mtu mwingine.

Nikafunga mlango. Nikamwuliza, "Baba, macho tangu lini?"

"Tangu myaka mingi kidogo." Akakaa. "Ni kama mutu anapuliza moshi mbele yangu. Usiseme kwa mutu. Nikitoka sasa, mbele ya wakati yangu ya pansio, nyumba inarudi kwa kompani. Batoto beko mu masomo ya kompani. Nitabapeleka wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa mezani, vijana, na naomba mlishike: mtu huyu alihitaji kubaki kwenye kiti chake miaka michache tu, na karatasi moja ndiyo iliyomweka pale. Mtandao ulikuwa unakua. Kila mashine mpya ilimaanisha kuichora Mama upya, na hakuweza tena kuichora.

Nikamwambia, "Tutaifundisha mashine ichore Mama."

"Mashine haina macho."

"Ndiyo sababu hayatachoka."

Akanitazama kwa muda, nadhani akitafuta uso wangu katika ule moshi. Kisha akasema nilete kiti.

Hapo ndipo miezi mizuri kuliko yote ya maisha yangu ya kazi ilipoanza. Nilimweleza lile tundu, jinsi nukta zinavyosogeleana. Akaniuliza, "Na weye ulipigilia nini?" Sikuelewa. Akanionyesha: kabla ya kuchora, alipigilia vijisumari kwenye ubao, kimoja kwa kituo kikubwa, kimoja kwa tanuru, kimoja kwa pampu za maji ya machimbo, na vingine pembeni kuzunguka. Vile vitu havikuhama kamwe. Vingine vyote alivipanga kati yao. "Kama haupigilie kintu," akasema, "unapanga juu ya maji."

Nilirudi kwenye jumba letu nikitembea upesi kama mtu anayefukuzwa. Sikubadilisha hesabu. Niliongeza tu kwamba nukta fulani zina misumari na hazisogei. Nikatoboa kadi mpya za maagizo, nikailisha kompyuta, na safari hii sikumwita mtu. Kalamu ikaenda kona ya juu, ikateremka, ikavuka, ikarudi, na mtandao ukafunguka mbele yangu kama mwavuli. Vinu vikakaa pamoja. Karakana zikajitenga kwa upole. Niliweka mikono kichwani. Mpaka leo, nikiona mchoro unafunguka hivyo, mikono inakwenda kichwani yenyewe.

Acheni niwape mambo machache hapa, kwa sababu najua nikianza habari nyingine nitayasahau. Msijaribu kazi mpya kwa mtandao mkubwa. Chukueni mdogo mnaoweza kuuchora kwa mkono nyuma ya bahasha, ili mkiona upuuzi mjue ni upuuzi wa nani. Hakikisheni mstari haupiti juu ya nukta isiyo yake, maana msomaji ataamini wameunganishwa, na hana kosa. Majina nayo yanahitaji nafasi. Mimi nilipanga nukta kama vile hazina majina, halafu majina yakaandikwa moja juu ya jingine. Karakana ya mbao ikameza jina la zahanati, na mafundi wakaanza kuiita zahanati ya mbao. Na kalamu, msiiache ichore mistari kwa mpangilio wa kadi. Yangu ilikuwa inakimbia kutoka kona hii mpaka ile kama kuku aliyeona mwewe, wino unakauka njiani. Nikaipanga mistari ili kila mmoja uanzie karibu na pale uliotangulia ulipoishia, na kazi ya asubuhi nzima ikaisha kabla ya king'ora cha chakula. Ninyi hamna kalamu sasa, lakini mnacho kitu fulani kinachokimbia bure mahali fulani. Kitafuteni.

Baba Ramazani alikuwa akija kila alasiri. Alikuja na mikate ya mchele aliyooka mkewe, Mama Zaina, akaiweka juu ya kabati la kompyuta palipoandikwa wazi kwamba chakula hakiruhusiwi. Mwanzoni alikuja kucheka. Kisha ikaja siku ya fundo.

Kulikuwa na mahali kwenye Mama ambapo nyaya za pampu na za vinu zilivukana ovyo, fundo jeusi lililowaumiza mafundi vichwa. Baba Ramazani alikuwa amelihangaikia miaka mingi, na alisema haliwezekani, umeme wenyewe ndivyo ulivyo. Mimi nilikuwa nimeongeza jambo jipya: baada ya kupanga, kompyuta ibadilishane nafasi za jirani wawili wawili, ihesabu mistari inayovukana, na ikiwa imepungua ibaki hivyo. Ikabadilisha safu ya pampu na safu ya vinu. Mchoro ulipotoka, fundo halikuwepo. Palibaki mistari michache iliyonyooka kama nywele zilizochanwa.

Nilimshika kidole nikakiweka pale. Akakipitisha juu ya karatasi, akaiinamia mpaka pua ikakaribia kugusa wino. Akarudi mwanzo, akapitisha tena. Nilingoja akasirike.

"Hii safu niliweka juu," akasema, "sababu gani niliweka juu? Sababu mwalimu wangu aliweka juu. Nilipigana na hii fundo tangu Zaina eko na mimba ya kwanza." Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akalazimika kufuta macho. "Mwepu, uiulize tena. Uiulize kama inaweza kuondosha na ile fundo ya pale."

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyenisumbua. Asubuhi hakuuliza tena kama mashine imekunywa chai. Aliuliza usiku imefikiri nini.

Sasa nifike mahali ambapo nisingependa kufika.

Kila mwaka kiwanda kilikuwa na siku za arete, yaani kinasimama chote ili kitengenezwe, na mafundi wengi wanaingia kwenye mashine kwa pamoja. Kwa siku hizo Mama ilipaswa kuwa mpya na sahihi. Injinia mkubwa alisikia habari ya meza yetu, akataka kuiona. Alikuja na mkubwa wa mafundi wa umeme, Ilunga, mtu mfupi mwenye sauti nene. Mimi na mzee tulikuwa tumekubaliana tutasema nini: mashine inachora, na Baba Ramazani anachagua misumari. Kiti chake kingekuwa hicho, na kazi ile haikuhitaji macho, ilihitaji kichwa.

Lakini mimi, siku chache kabla, nilikuwa nimegundua jinsi ya kuifanya kompyuta ichague misumari yenyewe. Ilitafuta mzunguko mkubwa kuliko yote katika mtandao, ikaupigilia pembeni, na mengine yakafuata. Mchoro ulitoka mzuri ajabu, wenye mivukano michache kuliko yote tuliyowahi kupata. Sikumwambia. Nilitaka kumshangaza yeye pia, pamoja na wakubwa. Nilikuwa kama mtoto mwenye kiatu kipya.

Kalamu ilipomaliza, injinia mkubwa alizunguka meza yote. Akauliza kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Ilunga asikie, "Kwa hiyo hii haihitaji mchoraji?"

Nikajibu kwa lile neno la wakati ule la kumwita kila mtu raia, "Haihitaji, sitwayeni injinia. Inajichagulia yote."

Nilisema kwa furaha. Siwezi kujitetea kwa kusema nililazimishwa au sikuelewa swali. Nilikuwa nimelewa mashine yangu, na mtu aliyenifundisha msumari alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto, amevaa ile abakosi yake. Aliinua mkono, akaugusa ukingo wa meza, akaufuata mpaka mlangoni, akatoka.

Wiki hiyohiyo agizo likashuka: biro ya wachoraji itapunguzwa, na mkubwa wao atahamishiwa ghalani baada ya arete. Na katika kampuni yetu mtu hakuhamishwa kazi bila kupimwa na daktari kwanza, kichwa mpaka miguu, macho yakiwemo.

Nilimfuata kwenye ukumbi. "Baba, sikujua kama watafanya hivi."

"Ulijua kusema," akajibu. "Achana nami, niko na kazi mpaka mwisho ya mwezi."

Mchoro wa mashine ukatundikwa mahali pa Mama. Mafundi waliusifu, wakawa wanausoma bila kukunja uso. Kisha, arete ikiwa imekaribia, pampu mpya ikafungwa. Pampu moja tu. Niliongeza kadi yake, nikaendesha kazi yote upya, nikapeleka karatasi mpya nikipiga mluzi. Sikuilinganisha na ya zamani. Ile pampu ilikuwa imebadilisha mzunguko mkubwa, na mashine ikachagua misumari mingine. Mchoro wote ukageuka, vinu vilivyokuwa kulia vikahamia kushoto, na safu ya juu ikawa ya chini. Kwa kompyuta michoro ile miwili ilikuwa sawa kabisa, kila waya mahali pake. Kwa mtu aliyezoea kuangalia kulia, ilikuwa miji miwili tofauti.

Asubuhi iliyofuata fundi mmoja aliyeitwa Kalenga alitumwa kukata umeme wa kinu. Alitazama ukutani jinsi mnavyotazama mlango wa nyumbani kwenu, hakusoma namba, aliangalia mahali. Akakata swichi ya kitu kingine. Aliporudi kwenye kinu, kabla ya kushika waya, aliweka taa ya kupimia kama walivyofundishwa wote. Taa ikawaka: umeme ulikuwa bado umo. Akarudi nyuma, akakaa chini, akabaki amekaa.

Ilunga alikuja kwangu na karatasi ameikunja chini ya kwapa. Akaitupa juu ya meza inayochora.

"Sitwayeni Mwepu, juzi kinu ilikuwa huku. Nani aliihamisha? Weye uko na gari ya kubeba kinu?"

Nikaanza kumweleza habari ya mzunguko mkubwa.

"Mi sikuuliza hesabu. Mi niko na bantu batakaoingia mule ndani ku arete. Kalenga eko na muke na batoto. Uniletee karatasi yenye haitembeetembee. Kama hauna, minarudisha ile ya muzee, hata na fundo yake."

Lakini Mama ya zamani haikuwa na mashine za mwaka ule, na wote wawili tulijua.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, watu wako barabarani na majembe na fagio. Niliambiwa Baba Ramazani yuko shambani kwake Kasungami. Nikachukua baiskeli na ile karatasi. Nilimkuta kati ya matuta ya mahindi yaliyovunwa, na Mama Zaina akikusanya mabua. Mama Zaina ndiye aliyeniona kwanza.

"Ni yeye," akamwambia mumewe. "Ule wa mashine. Anatoka jasho."

"Atatoka tena," Baba Ramazani akasema, wala hakugeuka.

Nikamweleza yote, kinu, taa, Kalenga amekaa chini. Alipokwisha kusikia jina la Kalenga aliweka jembe.

"Eko muzima?"

"Mzima."

"Shukuru Mungu. Sasa unatafuta nini kwangu? Si mashine inajichagulia yote? Iulize."

"Nilikosea, Baba. Nilikosea mbele ya watu na nitasema mbele ya watu walewale. Lakini nisaidie kwanza kwa ajili ya arete. Misumari."

Mama Zaina akanipa kikombe cha munkoyo, na nikajua kwamba nikipewa cha kunywa sijafukuzwa bado. Kisha Baba Ramazani akapiga magoti kwenye udongo, akavunja bua la hindi, akalichoma ardhini. "Kituo kikubwa." Akavunja jingine, akapima kwa kiganja, akalichoma. "Tanuru." Aliendelea hivyo, macho ameyafumba kabisa, na mimi nikiandika nyuma ya karatasi aliyoileta Ilunga. Alipofika kwenye pampu mpya hakuchoma kitu.

"Na hii?"

"Hii ni mugeni. Mugeni anakaa karibu na benye alikuja kuona. Benye nyumba habaondoke kwa vitanda."

Nilikaa juu ya tuta. Vijana, mnajua ile hali ambapo mwili unapata baridi kwa sababu umeelewa? Msumari ulikuwa haushiki kila kitu. Kati ya vilivyopigiliwa na vilivyo huru palikuwa na kitu cha tatu: nukta inayokumbuka ilikokuwa jana, na inayovutwa kurudi huko. Ingeweza kusogea ikilazimika, lakini kidogo, na kwa shingo upande. Nikamweleza. Akafumbua macho.

"Inavutwa na kamba?"

"Kamba, Baba. Kila moja na kamba yake."

"Kamba ya kinu iwe fupi. Ya karakana unaweza kurefusha, habajali." Alikuwa amesahau kunikasirikia. "Zaina, uniletee mabua mingine."

Kamba ile niliiandika siku mbili zilizofuata, na naweza kusema bila aibu kwamba sikuwahi kuandika kitu kizuri kuliko hicho. Niliongeza pampu, mchoro ukakaa kimya. Safu ya vinu ilisogea upana wa kidole, ikaipa pampu nafasi, basi. Niliweka karatasi mbili juu ya kioo cha dirisha, ya zamani na mpya, jua likipita, na mistari ikalaliana. Ilunga alipoiona alitafuta kinu, akakikuta kulia. Akapitisha macho kila upande akitafuta kosa, kisha akaiviringa na kuondoka nayo bila kunishukuru, na kwa Ilunga hiyo ilikuwa sherehe. Arete ikapita. Kalenga aliingia kwenye kinu, akatoka.

Nilikwenda kwa injinia mkubwa, Ilunga akiwepo. Nikasema kwamba mashine inahitaji mtu anayejua nini kisiondoke mahali pake, kwamba mtu huyo ni Baba Ramazani, na kwamba siku ile nilisema uongo kwa sababu ya furaha.

Injinia alivua miwani. "Mwezi uliopita ulisema haihitaji mtu. Leo unasema inahitaji. Nikuamini siku gani?"

"Leo," Ilunga akasema kutoka nyuma yangu. "Siku ile hakuna mutu alikuwa na taa mu mukono."

Injinia alikubali. Siwezi kumsema vibaya, aliandika palepale kwamba uhamisho ufutwe. Lakini daktari alikuwa amekwisha kumpima Baba Ramazani wiki ya arete, na macho yale hayakufichika. Uhamisho ulifutwa. Kilichokuja badala yake ni barua ya kumpumzisha kazi kwa ugonjwa, kabla ya wakati wake. Watoto waliachiwa wamalize mwaka wa shule. Nyumba kampuni iliichukua.

Nimefikiri jambo hili kwa miaka mingi, na nimejaribu kulipanga kila namna. Kama ningenyamaza wakati ule kwa pumzi moja tu, angekaa kwenye kiti chake. Hakuna mpango mwingine unaotoka.

Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia kubeba. Walikuwa wamepata lori la mtu aliyeleta mihogo kutoka Lukafu, na bado lilikuwa na vumbi jeupe la mihogo. Tulipakia vitanda, sufuria, na ule ubao wa kuchorea ambao kampuni haikuutaka. Mama Zaina hakusema nami, ila alinikabidhi kioo cha kabati nikishike kisivunjike, nikakishika. Baba Ramazani aliketi mbele, karibu na dirisha, abakosi imepigwa pasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani.

Akainamisha kichwa nje. "Mwepu. Ile pampu mupya. Uliipigilia musumari?"

"Bado, Baba. Iko na kamba tu."

"Usiipigilie. Ingoja mwaka moya. Kama ingali pale pale, ndipo upigilie."

"Ndiyo, Baba."

Dereva akawasha gari, na lori likaanza kwenda. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuyakumbuka yale maneno yangu hata moja, kwa sababu nilikuwa na swali jingine. Nilianza kukimbia kando ya mlango.

"Baba, na mashine mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili? Zinalaliana, zinaonekana moja!"

"Uzipindishe!" Alikuwa ametoa mkono dirishani, vidole viwili vimepinda kama mabano. "Moya huku, moya huku! Kama mbavu!"

"Na zikiwa tatu?"

Lori lilishika kona. Alikuwa bado ametoa mkono, akiongeza kidole cha tatu, akikinyoosha kupita katikati.